“Nitamwambia Mamako”: Ukatili kwenye mapenzi ya jinsia moja, na siri inayoulinda

Kwenye kipindi cha wiki hii tulifika mahali tukanyamaza, na mnajua kunyamaza si kawaida yetu. Tulikuwa tunaongelea ukatili wa majumbani. Mada yenyewe si ngeni. Wengi wetu tumekua tukimjua yule shangazi aliyekuja kulala kwetu “siku mbili tatu” akakaa miezi minne. Tunajua maana ya mtu kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba, mwezi wa Januari, London. Hata kama Kiswahili chetu ni cha kuungaunga, maneno ya jambo hilo tunayo.

Halafu likaja swali: na kama waliomo ndani ya nyumba hiyo ni wanawake wawili? Au wanaume wawili? Hapo maneno yakatuishia. Kwa hiyo makala hii ni ya kumalizia mazungumzo yale. Ni ndefu kidogo, jichemshie chai.

Mambo mawili kabla hatujaanza. Kwanza, ndani kuna habari za mauaji na vipigo. Kama unahitaji msaada sasa hivi, namba ziko mwishoni, ruka yote uende huko. Pili, kama unaishi na mtu anayekagua simu yako, soma hii kwenye simu ya rafiki au kompyuta ya maktaba.

Tuanzie Eldoret

Kesi hii wengi mnaikumbuka. Mapema Januari 2023 sanduku la chuma lilitupwa kando ya barabara karibu na Eldoret, kaunti ya Uasin Gishu. Mwendesha bodaboda aliliona gari likilitupa, akatoa taarifa. Ndani mlikuwa na mwili wa Edwin Chiloba, kijana wa miaka 25, mbunifu wa mavazi na mwanaharakati wa haki za LGBT ambaye hakuwa akijificha. Uchunguzi wa daktari wa serikali ulionyesha kwamba alikufa kwa kukosa hewa.

Picha zake zilisambaa dunia nzima. Waliomlilia waliona mkono wa chuki, yaani watu wa nje wasiotaka kijana kama yeye aishi. Waliomchukia wakaandika mambo ya aibu chini ya picha za marehemu. Pande zote mbili zilikuwa zinatazama nje ya mlango.

Kesi ilipofika mahakamani, aliyesimama kizimbani alikuwa Jacktone Odhiambo, mpiga picha. Alikuwa akiishi na Chiloba, na alitajwa kuwa mpenzi wake. Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Eldoret, chini ya Jaji Reuben Nyakundi, ilimtia hatiani kwa mauaji na kumhukumu kifungo cha miaka 50.

Wazee walishasema: kikulacho ki nguoni mwako.

Hii haina maana kwamba chuki ya nje ni hadithi. Chuki ipo, na ina sheria zake. Na chuki hiyo ndiyo inayomfungia mlango anayepigwa ndani. Angalia inavyofanya kazi. Kenya ina Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Majumbani, ya mwaka 2015, na haiishii kwa mume na mke tu. Inagusa hata watu wanaoishi nyumba moja. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini kijana wa kiume anayetaka kuingia kituo cha polisi aseme “mpenzi wangu ananipiga, na mpenzi wangu ni mwanaume” anajua kwamba vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo, na kwamba tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta. Anaenda kushtaki, anajikuta amejishtaki mwenyewe.

Tanzania Bara adhabu ni kati ya miaka 30 na kifungo cha maisha. Uganda, sheria ya mwaka 2023 ina kifungo cha maisha, na hata hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Ilipopitishwa iliweka pia wajibu wa kuripoti, yaani jirani, daktari, hata mama mwenye nyumba alitakiwa akuripoti. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta wajibu huo lakini ikaacha sehemu kubwa ya sheria isimame. Sasa jiulize: katika mazingira hayo, mtu aliyevunjwa mkono na mwenza wake atamwambia nini daktari?

Na kabla hujasikia mtu akisema haya ni mambo ya wazungu: Afrika Kusini ilipopitisha sheria yake ya ukatili wa majumbani mwaka 1998, iliandika waziwazi kwamba inawahusu pia wapenzi wa jinsia moja. Huo ni mwaka 1998. Baadhi yenu mlikuwa hamjazaliwa.

Sawa, lakini sisi tuko Tooting

Kweli. Hapa hakuna kifungu cha 162. Hapa watu wa jinsia moja wanafunga ndoa tangu Machi 2014. Basi tatizo liko wapi?

Tuseme una miaka 26. Unaishi na mpenzi wako kwenye chumba cha kupanga karibu na Amen Corner. Mama yuko mwendo wa basi moja tu, na anavyojua yeye, huyo ni mwenzako wa kuchangia kodi. Anti zako Jumamosi wako sokoni Tooting Broadway wanachagua ndizi za kupika. Mtu wa msikitini kwenu, au wa kanisani kwenu, anafanya kazi hospitali ya St George’s, kwa hiyo hata ukienda kushonwa unaangalia kwanza nani yuko zamu. Kikundi cha WhatsApp cha familia kinaanzia hapa, kinapita Tanga na Mombasa, kinaishia Muscat.

Mpenzi wako ameshakuelewa vizuri. Hahitaji kunyanyua mkono. Siku mkigombana anachukua simu, anafungua jina la mama, anakuonyesha. “Nitamwambia mamako.”

Basi. Umekwisha. Siku hiyo hutoki nje, hudai pesa yako, humpigii rafiki yako. Wala huwezi kumwambia mtu kilichotokea, kwa sababu ili ueleze ulichofanyiwa ni lazima kwanza ueleze wewe ni nani.

Hapo ndo ukatili huu unatofautiana na ule wa shangazi. Shangazi alikuwa na haya, alikuwa na hofu, lakini alipofika mlangoni na begi hakuna aliyemuuliza kwa nini ana mume. Wewe begi lako lina siri mbili. Kiswahili kina neno linalofaa hapa: kuanika. Nguo tunaanika juani. Na mtu pia huanikwa, siri yake ikatolewa nje kila mpita njia akaiona. Tishio la kuanikwa ni silaha isiyoacha alama mwilini, haihitaji nguvu, na hutumika tena na tena bila kuisha. Ilimradi siri ipo, risasi ipo.

Si ngumi tu

Watu wengi wakisikia ukatili wanafikiria kipigo. Sheria ya hapa inaona mbali zaidi, na ni vizuri tuone nayo. Kwenye mapenzi ya jinsia moja unaweza kuonekana hivi:

- Anatishia kukuanika kwa wazazi, kazini, au kwa watu wa kwenu nyumbani. Au anatishia kutoa siri ya afya yako, kwa mfano kwamba unaishi na virusi vya UKIMWI.
- Anakushikia pesa. Mshahara wako unaingia kwenye akaunti yake, unaomba nauli kama mtoto.
- Anaamua nani rafiki yako. Na kwa kuwa duara letu ni dogo, mkiachana yeye anabaki na marafiki wote na wewe unabaki peke yako.
- Kama umebadili jinsia, anakuficha dawa zako za homoni, anakuita makusudi jina uliloliacha, anakwambia hakuna mwingine atakayekutaka.
- Anakwambia wewe si “kuchu” wa kweli, au kwamba kupigana ni kawaida ya wapenzi kama nyinyi, na kama hii ni mara yako ya kwanza huna wa kumuuliza kama ni kweli.
- Anakulazimisha kitandani. Kuwa mpenzi wake hakumpi ruhusa ya kudumu.

Kuhusu wingi wa jambo hili: Ofisi ya Takwimu ya Uingereza iliangalia taarifa za England na Wales kwa miaka iliyoishia Machi 2015 mpaka 2017. Ikakuta kwamba wanawake wenye kupenda jinsia zote mbili walikuwa karibu mara mbili zaidi ya wanawake wanaopenda wanaume tu kufanyiwa ukatili na mwenza katika mwaka mmoja: asilimia 10.9 kwa 6.0. Kumbuka, wengi wa wanawake hao wanaweza kuwa na mwenza wa kiume. Kwa hiyo mtu wa LGBT hayuko hatarini kwa sababu ya kumpenda mtu wa jinsia yake. Hatari inafuata mahali ambapo mtu ana kitu cha kufichwa na mwenzake anakijua.

“Kwani nani mwanaume hapo?”

Hili swali mmelisikia. Linaulizwa kwa kicheko kwenye sherehe, na linaulizwa kwa uzito na watu wenye vyeo. Linaonekana la kijinga tu, lakini lina madhara.

Ukiamini kwamba mpigaji ni lazima awe mwanaume na mpigwaji ni lazima awe mwanamke, basi wanawake wawili “wamegombana tu” na wanaume wawili “wamepigana tu, wataelewana.” Anayeitwa kuamua anatazama nani mrefu, nani ana mabega, nani anaongea kwa ukali. Mdogo wa umbo akilia, anaaminiwa. Mkubwa wa umbo akinyamaza, anaonekana mkosaji. Na mnyanyasaji mjanja hupiga simu polisi yeye kwanza.

Lakini nguvu ndani ya nyumba haikai kwenye misuli. Inakaa kwenye swali jingine: kati yenu, nani anaogopa? Nani anaomba ruhusa kwenda kumwona mamake? Jina la nani liko kwenye mkataba wa nyumba? Nani, mwenzake akiingia, anabadilika sauti? Uliza hayo, utamjua mwenye mamlaka bila kupima urefu wa mtu.

Sheria yenyewe ya Uingereza ilichelewa kuelewa hili. Sheria ya Familia ya mwaka 1996 ilipozungumzia watu “wanaoishi pamoja” bila ndoa, ilimaanisha mwanaume na mwanamke. Ilibidi sheria nyingine ya 2004 ipanue maana hiyo iwaingize wapenzi wa jinsia moja. Kwa hiyo tusijione sisi tu ndo wagumu.

Silaha ya makaratasi

Sasa tuje kwa wale ambao hawakuzaliwa St George’s kama sisi. Binamu aliyekuja kusoma. Rafiki wa rafiki anayeomba hifadhi. Mtu aliyeletwa kwa viza ya mwenza. Kwao “nitamwambia mamako” ina pacha wake: “nitawapigia Home Office.”

Anayeomba hifadhi kwa sababu ya kupenda jinsia yake ana tatizo la ajabu kidogo. Tangu Julai 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya mtu wa Iran na mwingine wa Cameroon, ilisema haiwezekani kumrudisha mtu kwao eti akaishi kwa kujificha ili asidhurike. Uamuzi huo umewaokoa wengi, wakiwemo watu wa kwetu. Lakini bado ni lazima mwombaji aaminiwe kwamba ni kweli yeye ndivyo alivyo. Ushahidi utautoa wapi, wewe uliyeishi miaka 25 ukifuta kila ujumbe? Mara nyingi shahidi wa karibu ni mpenzi uliyempata hapa. Barua yake, picha zenu, ushuhuda wake mbele ya jaji. Kama mpenzi huyo ndiye anayekupiga, basi anayekuumiza ndiye huyohuyo anayeshika faili lako. “Ukiniacha, nitasema ulikuwa unaigiza.”

Ndiyo maana ni muhimu watu wajue mambo matatu.

La kwanza: mpenzi hana uwezo wa kufuta ombi lako kwa kupiga simu. Uamuzi ni wa Home Office na, baada ya hapo, wa mahakama, na wanatakiwa kuangalia ushahidi wote. Mwambie wakili wako kinachoendelea nyumbani. Ukatili huo, ukiandikwa na kuelezwa vizuri, ni sehemu ya historia yako.

La pili: aliyekuja kwa viza ya mwenza, na uhusiano ukavunjika kwa sababu ya ukatili, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa haki yake mwenyewe. Njia hii haibagui wapenzi wa jinsia moja. Wakati anajiandaa kuomba, upo utaratibu unaompa ruhusa ya miezi mitatu akiwa na haki ya kupata msaada wa serikali, ili asilale nje. Masharti yake yanategemea aina ya viza, kwa hiyo usijaze fomu peke yako. Tafuta mwanasheria wa uhamiaji.

La tatu, na hili halipendezi: polisi wa hapa wamewahi kupeleka taarifa za wahanga kwa Home Office. Mwaka 2018 Liberty na Southall Black Sisters waliwasilisha malalamiko rasmi kuhusu jambo hilo. Maisha yakiwa hatarini, piga 999, uhai kwanza. Lakini kama hatari si ya dakika hii na huna makaratasi kamili, ongea kwanza na shirika, kisha mwamue pamoja hatua ya polisi.

Sheria ya hapa inakuhesabu

Msilolijua wengi ni kwamba sheria ya hapa iko wazi sana. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2021 haisemi mume wala mke. Inasema watu wawili wenye miaka 16 na zaidi ambao wana uhusiano wa karibu, na mapenzi yanatosha, hata yakiwa yameisha. Inataja kipigo, ukatili wa kingono, vitisho, kutawaliwa, kunyimwa pesa, kuumizwa kisaikolojia.

Kumtawala mwenzako kwa vitisho na kumkata na watu wake ni kosa la jinai peke yake tangu Desemba 2015, bila hata kofi moja, na adhabu inafika miaka mitano. Tangu Aprili 2023 kosa hilo linamfuata hata mpenzi wa zamani asiyeishi tena na wewe. Yaani yule aliyehama lakini bado anakutumia ujumbe kila usiku, “nina namba ya babako.” Hifadhi ujumbe huo. Ni ushahidi.

Na nyumba? Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu kodi ya London ni adui wa peke yake. Tangu Julai 2021 mtu aliyekosa makazi kwa sababu ya ukatili wa majumbani ana kipaumbele moja kwa moja. Zamani mtu mzima asiye na mtoto alilazimika kuthibitisha kwamba ni dhaifu kuliko wengine, sasa hapana. Unaweza kwenda halmashauri ya Wandsworth. Kama Tooting si salama kwako kwa sababu kila kona kuna anti, unaweza kwenda halmashauri nyingine, nao hawatakiwi kukurudisha mahali utakapodhurika. Mwenye viza isiyoruhusu msaada wa serikali aanze na mwanasheria au shirika, kama tulivyosema juu.

Wapo pia watu waliojenga kazi hii mahsusi kwa ajili yetu. Galop ilianza hapa London mwaka 1982, kazi yake ya kwanza ikiwa kuwasaidia watu waliokuwa wakisumbuliwa na polisi. Mwaka 2016 shirika la Broken Rainbow lilipofungwa, simu ya taifa ya wahanga wa LGBT ingeweza kukatika kabisa, Galop wakaichukua. Stonewall Housing wanashughulika na makazi tangu 1983. Micro Rainbow wana nyumba salama za waomba hifadhi. Rainbow Migration wanasaidia na kesi zenyewe za uhamiaji.

Sisi tufanye nini?

Tumeongea sana kuhusu mnyanyasaji na mnyanyaswaji. Sasa tuongee kuhusu mtu wa tatu: mimi na wewe. Binamu, dada, rafiki wa chuo, jirani wa ghorofa ya chini. Kwa sababu tishio la “nitamwambia mamako” halina nguvu lenyewe. Nguvu zake zinatoka kwetu. Mnyanyasaji anaweka dau kwamba familia ikisikia itageuka. Na mara nyingi anashinda dau hilo.

Fikiria basi siku moja simu ile ikapigwa kweli, na upande wa pili mama akajibu: “Najua. Mwanangu yuko wapi, yuko salama?” Silaha yote imekwisha hapo. Si lazima awe mama. Akiwepo mtu mmoja tu wa damu, mmoja, ambaye kwake siri hiyo haina bei, mnyanyasaji amepoteza nusu ya mamlaka yake.

Hatumwambii mtu yeyote ajitangaze. Kujitangaza ni uamuzi wako, kwa wakati wako, na kwa wengine wakati huo hautafika, wala hawana kosa. Tunachosema ni kwamba wengine wajiandae kuwa mahali pa kukimbilia, hata kabla hawajaombwa. Kuna njia ndogo ndogo. Mjomba akitoa ule utani wake mezani, usicheke. Ikija habari ya Uganda kwenye kikundi cha familia, andika neno moja la huruma. Anayehitaji kuona ataona, na atakumbuka ni nani aliyeandika.

Na akija kwako, mwambie maneno haya. Tunayaandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu Kiswahili tulichorithi wengi wetu kina matusi mengi ya kuwaita watu hawa na upole kidogo sana. Hata neno “shoga,” ambalo bibi zetu wa pwani walimwitia rafiki wa kike wa kweli, tumelipokea likiwa jiwe la kurushia watu. Basi tujaze pengo:

- “Nakuamini.”
- “Hukustahili kufanyiwa hivyo.”
- “Siri yako iko salama kwangu. Simwambii mtu mpaka uniruhusu.”
- “Unataka nifanye nini sasa hivi?”
- “Kochi lipo. Njoo na begi, au njoo bila begi.”

Na kuna mengine usiyaseme. Usiseme “mvumilie.” Usiseme “si nilikwambia?” Usimwendee mnyanyasaji kumkanya bila kumuuliza mwenyewe, utaondoka, na yeye atabaki naye usiku. Na zaidi ya yote, usiseme “labda hii ni ishara uachane na maisha hayo.” Shangazi alipopigwa na mume wake, hakuna aliyesimama kusema tatizo ni kuolewa na wanaume. Tulisema tatizo ni yule mume. Haki hiyohiyo, tuitoe kwa wote. Kwa sababu ukimwambia hivyo umemthibitishia alichoambiwa kila siku na anayempiga: kwamba nje ya nyumba ile hakuna atakayempokea. Atarudi. Na safari nyingine hatakupigia.

Kwa wale mnaotoka nyumba za dini, na ni wengi wetu: hakuna anayekutaka umalize leo mjadala ambao wanazuoni na wachungaji wanaendelea nao. Mtu akifika mlangoni na mdomo umevimba, swali lililo mbele yako ni dogo kuliko hilo. Mfungulie.

Namba

- Hatari ya sasa hivi: 999. Kama huwezi kuongea na umepiga kwa simu ya mkononi, sikiliza mpaka uambiwe, kisha bonyeza 55. Kupiga 999 na kukaa kimya tu hakutoshi.
- Galop, kwa wahanga wa LGBT: 0800 999 5428.
- Simu ya taifa ya ukatili wa majumbani kwa wanawake, inayoendeshwa na Refuge, saa 24: 0808 2000 247.
- Simu ya ushauri kwa wanaume: 0808 801 0327.

Ukipiga, unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Mueleze pia kama hutaki mkalimani wa kutoka jamii yenu, au wa eneo lenu. Ombi hilo ni la kawaida, na huhitaji kulitolea sababu.

Kama umesoma mpaka hapa ukawa unamfikiria mtu fulani, yule binamu aliyekuwa anacheka sana na siku hizi hajibu ujumbe, usimtumie makala hii. Huenda simu yake inasomwa. Mwalike tu chakula, aje peke yake. Muulize kwanza habari za kazi, mwache ale, na usiwe na haraka ya kumrudisha nyumbani.